Unga wa Mezani

Jumapili hii mama mkwe kaja kwetu Utemini, Singida. Kakaribishwa mezani, kapitisha kidole juu ya meza yangu mpya, kakiramba. "Mkwe, unga huu mmesagisha wapi? Laini kweli!"

Mke wangu akatazama dari, mimi nikatazama wali. Mama mkwe haambiwi "usirambe", seuze kuambiwa kwamba alichoramba ni vumbi la mbao lililochanganyika na mavi ya mdudu.

Meza ni ya mwembe uliokatwa kupisha nyaya za umeme. Gogo lililala kando ya barabara na gome lake, likisubiri mashine ya kupasulia, na wenyeji wapya wakahamia: wadudu watoboa mbao. Jike la mdudu huyu hana papara. Huing'ata mbao kwanza, akaonja kama ina wanga. Ikimridhisha, hutaga ndani ya vinyweleo vyake. Anapenda ile nyeupe ya pembeni, na mwembe umejaa nyeupe. Kwa hiyo meza yangu imeonjwa mara mbili, na mara zote imesifiwa.

Funza wake hutafuna gizani miezi na miezi, akijaza unga nyuma yake, huku juu vanishi inang'aa na wageni wanakupongeza. Akishakuwa mdudu kamili hutoboa tundu dogo kama kichwa cha pini, akaondoka. Yaani tundu lile unaloliona si la kuingilia, ni la kutokea! Vanishi humzuia anayetaka kutaga. Aliyemo ndani huitoboa akapita.

Mdudu huyu ni ukoo mmoja na dumuzi, yule mtoboaji wa mahindi kutoka Amerika ya Kati aliyegunduliwa kwa jirani zetu Tabora mwaka 1981, wakulima wakambatiza Scania. Naye mbao huzitoboa vilevile.

Kumuua huyu wa meza yangu kwa joto kunataka nyuzi 56 za Selsiasi hadi katikati ya ubao, kwa dakika 30 mfululizo. Jua la Singida lina sifa nyingi, ila hiyo hapana.

Na si meza tu: stuli yangu ya mjohoro nayo ilibunguliwa, ikamwangusha balozi wa nyumba kumi. Rafu ya mwarobaini ilipinda tu, haikutobolewa.

Mdudu namsamehe, hakunidanganya. Aliyeniuzia mbao alinitoza bei ya "mbao za dawa". Nimekwangua uvunguni mwa meza kwa kisu: kijani chote cha hiyo "dawa" kimeishia kwenye kisu, chini yake mbao nyeupe pee. Ni rangi. Mtu anayepaka rangi akaiita dawa, akapokea pesa ya mwalimu au mama ntilie aliyedunduliza, huyo si mfanyabiashara, ni mwizi mwenye brashi.

Ndugu msomaji, ukipata gogo la mti wa mjini, lichubue gome siku hiyohiyo, lipasuliwe mapema, na nyeupe yote iende kuwa kuni. Na ukikuta unga chini ya kabati dukani, usiulize bei.