Faksi ya Mjomba

Kwa umri, faksi ni kaka mkubwa wa simu. Mskoti Alexander Bain alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1843. Bell na simu yake wakaja 1876. Lakini kwetu Ukunda, miaka ya tisini, mkubwa alifika kama mgeni akamkuta mdogo keshajenga, keshaoa, na waya ni mmoja.

Mjomba alikuwa akipangisha nyumba za wageni Diani. Ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na karani ndiye mimi. Wajerumani na Waswisi hawakukubali kitu mpaka wakione kwenye karatasi. Kutuma faksi ilibidi upande matatu hadi Likoni, uvuke feri, utafute duka la huduma hiyo Mombasa mjini, kisha urudi magharibi na jasho na nusu ya jibu. Mjomba akaamua kununua mashine. Kwa sisi Wadigo mjomba akishaamua, mjadala umekwisha; zamani hata urithi ulipitia kwake.

Fundi akaja. Nyuma ya mashine palikuwa na matundu mawili, moja la waya wa ukutani, la pili la simu ya kawaida. Akachomeka kinyume. Simu ikalia vizuri, faksi haikushika laini hata kidogo. Fundi akaguna, akasema hewa ya bahari imeiharibu. Ni kweli chumvi ya pwani yetu inakula shaba, lakini mashine ilikuwa ndiyo kwanza imetolewa kwenye boksi.

Matundu yaliporekebishwa tukashukuru Mungu. Mapema mno. Waya kutoka nguzoni ulikuwa ukipita kwanza sebuleni kwa bibi, ndipo ukaja ofisini. Sasa, faksi inapopiga hutoa mlio mfupi, ikanyamaza sekunde kama tatu, ikalia tena, ikimngoja mwenzake aitikie. Zikishaanza kuzungumza hazitaki mtu wa tatu kwenye laini. Bibi naye hakuweza kuiacha simu ilie mara mbili. Kwake ilikuwa sawa na kumwacha mtu mlangoni.

“Asalaam alaikum.”

Piii.

“Nasema, asalaam alaikum!”

Piii.

“Hana adabu huyu,” akakata. Mashine ya Ujerumani, ilivyopangwa kujaribu tena, ikapiga tena. Safari hii bibi alisikiliza kwa muda, moyo ukamlainika. “Maskini, kumbe ana kwikwi. Kunywa maji, baba.”

Hata faksi iliyobahatika kuanza haikuwa na hakika ya kumaliza. Simu ile ilikuwa ya mtaa mzima. Jirani anayengoja simu ya mwanawe kutoka Muscat alikuwa akiinua mkono wa simu kila mara kuangalia kama laini iko hai, na akiinua tu, karatasi yetu inaharibika. Barua moja ilitujulisha kwamba familia fulani inakuja, ina watoto wawili na inapenda samaki. Tarehe ya kufika ilikuwa chini, ndani ya mistari myeusi. Tulinunua samaki mara nyingi mwezi ule.

Mjomba akaifunga simu ya sebuleni kwa lile kufuli dogo la kuzuia kuzungusha namba. Kufuli lile huzuia kupiga, halizuii kuinua. Basi watu wakaendelea kuinua, na juu ya hayo binamu mmoja akagundua kwamba faksi nayo ina mkono wa simu, ina vitufe, na haina kufuli. Bili ilipokuja, mjomba aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

Akanituma nitafute mwizi. Nikasoma kitabu cha maelekezo, nikakuta mashine ile ina kumbukumbu: ukibonyeza kitufe inachapa ripoti ya namba zote ilizopiga, tarehe na saa. Nikabonyeza mbele ya watu wote. Ikatoka Msambweni, ikatoka Lunga Lunga, ikatoka Muscat, na binamu yangu akakumbuka ana shughuli dukani. Mke wa mjomba akaichukua karatasi, akaipitia taratibu, akauliza: namba hii ya Tiwi, inayopigwa kila saa tatu usiku ofisi ikiwa imefungwa, ni ya Mjerumani gani?

Kesho yake mapema akaitwa fundi mwingine, mzee aliyestaafu. Hakutoa hotuba. Aliukata waya, akauleta kwanza kwenye faksi, na kutoka kwenye faksi akaurudisha sebuleni, hivyo mashine ikishika laini simu ya bibi inakufa kabisa. Bibi akalalamika simu inazimia. Tukamwambia inapumzika.

Siku hizi wageni hutuma kila kitu kwa simu ya mkononi. Lakini wewe ukijikuta unalazimika kufunga faksi, waya wa ukutani uanzie kwenye mashine, simu za nyumbani zitokee humo. Ile ripoti ya namba, izime kabla mtu hajasoma kitabu.