Kesi ya Kisutu

Uso wa kijani Shangazi angeusamehe. Kilichomuudhi ni kanga.

Picha niliipiga mwenyewe kwa simu, Tanga, kwenye harusi ya binti yake wa mwisho. Kakaa mkekani, kisutu kiunoni, kisutu begani, anacheka mpaka gego linaonekana. Na kisutu kila mtu wa Pwani anakijua: nyekundu, nyeusi na nyeupe, kanga ya harusi tangu enzi za bibi zetu. Nikajigamba mbele ya ukoo mzima kwamba picha hiyo haiendi studio. Nitaichapa nyumbani, kwa mashine yangu, saizi ya kutundika ukutani. Ikatoka Shangazi ana rangi ya embe bichi, na kisutu chake ni cha njano.

Alipokuja Dar kutibiwa magoti aliishika picha ile kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia.

"Marehemu mume wangu alikuwa Simba. Mimi Simba. Wanangu wote Simba," alisema polepole. "Kijani na njano! Wewe mtoto, nimekukosea nini hata univike Yanga?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza kesi ya kisutu. Haikusikilizwa kule mjini kwenye mahakama yenye jina hilo, bali sebuleni kwangu Mbagala, na mlalamikaji ndiye aliyekuwa hakimu.

Kwanza nikiri: printa niliinunua kwa ubahili. Nilikaa na kalamu nikahesabu picha ndogo za fomu za shule, za bima, za vitambulisho vya huku na kule, nikaona mwenye studio anajenga nyumba ya pili kwa nyuso za wanangu. Nikanunua ile ya matangi, ya kujaza wino kwa chupa: nyeusi, njano, samawati, na ile nyekundu inayoelekea waridi ambayo mafundi huiita majenta. Wiki ya kwanza nilichapa kila kinachochapika, hadi mbuzi wa jirani. Baada ya hapo mashine ilikaa miezi mitatu juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mkulima.

Shangazi alipotoka kijani nilianza kurekebisha picha badala ya mashine. Kwenye laptopu nikaongeza wekundu kidogo. Ikatoka vilevile. Nikaongeza mwingi. Kijani kilipungua, sikatai, ila sasa Shangazi akawa njano tupu, kama bibi harusi aliyepakwa manjano akasahauliwa ndani. Na muda huohuo kwenye kioo cha laptopu alikuwa mwekundu kama kaa la moto. Mke wangu akapita na beseni la nguo, akatazama kioo, akatazama karatasi.

"Baba Zuhura, hawa ni ndugu?"

Akaendelea na safari yake.

Siku ya tatu nikaipakia mashine kwenye bodaboda, nimeikumbatia ubavu, kuipeleka kwa kijana wa steshenari. Kwamba printa ya matangi hailazwi nililijua njiani, paja la kushoto likiwa limeshageuka samawati.

"Mzee, umepima nozoli?" kijana aliniuliza.

Nikasema ndiyo, nami sijui nozoli hupimwa kwa rula au kwa mizani. Akachapa karatasi ya majaribio: kila rangi na vijistari vyake, vimepangwa kama ngazi. Nyeusi imejaa. Njano na samawati hazina tatizo. Majenta ilikuwa na vijistari vinne tu, vimetawanyika kama nywele kwenye kipara.

"Majenta haishuki, mzee."

Kumbe nyekundu haina chupa yake humo ndani. Mashine huipika kwa kuchanganya majenta na njano. Majenta ikigoma, kila chekundu hubaki njano. Ngozi ya mtu nayo inataka kidogo cha kila wino, kwa hiyo Shangazi alibakiwa na njano na samawati, yaani kijani. Nyeusi ya kisutu ilisalimika kwa kuwa ina wino wake, na nyeupe ni karatasi yenyewe. Nikafikiria nilivyokuwa nikiongeza wekundu usiku kucha. Nilikuwa nampigia kelele mfanyakazi aliyeacha kazi wiki iliyopita.

"Huwa unaizimia wapi?"

"Ukutani," nikajibu kwa fahari. "Naokoa uniti."

Alinitazama wanavyotazamwa wagonjwa. Akanieleza kwamba kichwa cha printa, kile kinachokwenda kushoto na kulia, kina kwao. Ukizima kwa kitufe cha mashine, kinarudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira, matundu yake yasikauke. Ukikata umeme ukutani kikiwa njiani, kinalala hapohapo, matundu wazi. Na matundu yenyewe ni membamba kuliko unywele: tone moja ni pikolita chache, na pikolita ni lita moja iliyogawanywa mafungu 1,000,000,000,000. "Wino ni kama uji, mzee. Usipoufunika unashika utando."

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1977, Japani, watafiti wa Canon waligusisha kwa bahati mbaya chuma cha moto cha kulehemu kwenye sindano yenye wino, wino ukaruka, na hapo ikapatikana mojawapo ya njia za kuchapa kwa matone. Yaani wenzetu kwa bahati mbaya wamepata utajiri, mimi kwa makusudi nimepata shangazi wa kijani.

Kijana akaanza kusafisha kichwa. Kusafisha maana yake ni mashine kuuvuta wino kwa nguvu na kuutema kwenye sifongo iliyofichwa tumboni mwake. Wino nilioununua mimi. Mara ya kwanza vijistari vikawa tisa, mara ya pili kumi na tano. Nikataka tuendelee, kijana akakataa: ukisafisha mfululizo unamaliza wino bure, bora mashine ilale, kilichoganda kilainike. Asubuhi akasafisha mara moja tu na ngazi ya majenta ikakamilika. Nikairudisha nyumbani kwa bajaji, imekaa wima kwenye kiti cha abiria, mimi nimechuchumaa pembeni.

Kisutu kikatoka chekundu! Nikaita watu. Shangazi akanyoosha kidole, akaugusa uso wake, na uso ukahamia kidoleni. Karatasi ya picha ina uso na kisogo, nami nilikuwa nimechapa kisogoni, pasipo na ule utando wa kunywa wino. Upande sahihi unaujua kwa kuugusa kwa kidole chenye unyevu: unanata kidogo. Mke wangu alinikuta nalamba kidole na kupapasa pakiti nzima, hakuuliza. Halafu ikabidi nikumbuke kuiambia laptopu kwamba karatasi ni ya kung'aa, maana siku zote nilikuwa nimeiacha ikidhani nachapa barua.

Usiku huo, chini ya taa ya sebuleni, Shangazi akailinganisha picha na simu.

"Mbona huku nimefifia?"

Simu aliiweka mwanga wa mwisho. Nikamweleza kwamba kioo kinatoa nuru yake chenyewe, karatasi inaazima ya chumbani. Akasema wakopaji hawapendi. Asubuhi nikampeleka barazani, jua likiwa limetoka vizuri, akaitazama picha muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaagiza kumi na mbili: mawifi, wakwe, na somo wa binti yake.

Nikazipanga karatasi, nikaiamuru mashine ianze, nikatoka kwenda kununua fremu. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Karatasi ya saba imekwama katikati: Shangazi yupo kuanzia kilemba hadi kifuani, chini yake weupe mtupu, kisutu cha kiunoni hakijafika. Na kwenye soketi ya printa palikuwa na chaja.

"Simu ilibaki asilimia mbili," alisema Shangazi, "na hicho kidude chako kinakwenda na kurudi tu, kinanipigia kelele. Nimekuzimia hapo ukutani, mwanangu. Nikuokolee uniti."