Subaru Uani

Mama mkwe wangu hana ugomvi na magari. Ugomvi wake ni na yeyote anayegusa friza yake. Aliinunua kwa pesa zake za viazi karai, na humo ndimo hukaa nguru wa vipande, tui la akiba na barafu za ukwaju za wajukuu. Siku aliyofungua akakuta mfuko wa vyuma vya mviringo vyenye raba ndani, umelala juu ya nguru, alimwita mwanawe kwa jina lake, la babake na la babu yake, kisha akasimama mlangoni kungoja jibu.

"Ni bushi za gari, mama," sauti ilitoka chini ya Subaru. "Nazigandisha zisinyae kidogo, ziingie bila kupigwa nyundo."

"Na nguru akinuka grisi, utamla wewe na gari lako?"

Fizikia ilikuwa upande wa mwanawe. Chuma kikipoa hupungua, na ijapokuwa kiasi chenyewe hakifiki unene wa unywele, ni kiasi kidogo kama hicho kinachoifanya bushi ibane ndani ya mkono wa gari isitoke. Ila nyumbani kwetu Tudor, Mombasa, fizikia haina kura. Bushi zilihamia kwenye friza ya duka la soda la jirani.

Gari lenyewe ni Impreza WRX ya umbo la kwanza, lile lililoanza 1992 likatengenezwa hadi 2000. Bwana wangu alikuwa shule ya msingi Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza ya buluu, na hadithi hiyo huisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kiti cha pembeni akisoma ramani. Alipopata kazi alinunua gari. Alipopata gari akagundua autokrosi: njia ya udongo iliyopindapinda, magari yanaachiwa moja moja, na kila dereva anashindana na saa. Hakuna zawadi ya maana. Kuna vumbi, kelele, na wanaume wazima wanaobishana kuhusu nusu sekunde hadi jua linazama.

Mara ya mwisho kabla ya bushi hizo alirudi kanuna. Akikanyaga breki gari lilimvuta kushoto, akitoka kwenye kona matako ya gari yalikuwa na safari yao wenyewe, na tairi za nyuma zilikuwa zimelika ukingo wa ndani hadi nyuzi kuonekana. Dawa alikuwa nayo tayari kwenye simu: seti ya shoki za kurekebisha kimo, zile za rangi ya dhahabu, unazungusha kwa spana gari linashuka mpaka paka hawezi kupita chini yake.

Nilichukua tochi nikaingia uvunguni mwenyewe. Shoki za nyuma kweli zilikuwa zinatoka jasho la mafuta, hizo nilizikubali. Lakini bushi za linki za nyuma zilikuwa zimepasuka raba kuzunguka bomba lote la katikati. Nilipochomeka bisibisi na kuisukuma kidogo, bomba lilihama kando kama jino la mtoto wa miaka sita. Raba ya zaidi ya miaka 20, iliyokaa karibu na bahari, inaweza kuwa na hali gani nyingine?

Hapo ndipo vita vilipoanza, na kwa vita hivyo sijutii hata neno moja. Springi hubeba gari. Shoki huizuia springi isidundedunde. Bushi ndizo zinazoliambia gurudumu lielekee wapi. Ukifunga shoki mpya juu ya bushi zilizokufa, utakuwa umenunua kwa bei ghali gurudumu linalokwenda litakako. Na kulishusha sana gari la aina ile ni hasara juu ya hasara: mkono wa chini ukianza kuinuka kuelekea gurudumu, bodi hulala zaidi kwenye kona, si kupungua. Juu ya udongo wenye mashimo sisemi kitu. Nilisema raba kwanza, shoki za kawaida za kiwandani pili, dhahabu tuwaachie masonara.

Hoja zangu zilikuwa na nguvu. Pia pesa za chama zilikuwa kwenye akaunti yangu.

Basi tukafika kwenye bolti. Kila mwenye Impreza ya zamani anaijua bolti hiyo, na akiitaja hushusha pumzi. Ni ndefu, inapita kwenye linki mbili za nyuma na katikati yake inapenya chuma kinachobeba gurudumu. Chumvi ya hewa ya Mombasa huingia humo polepole, kutu inavimba, na bolti na bomba la bushi vinakuwa kitu kimoja. Nati inafunguka vizuri, unashangilia, kisha unagundua kuwa bolti haina habari nawe.

Bwana wangu aliimwagia mafuta ya kulegeza kutu, akangoja. Akapiga nyundo, akangoja. Shemeji yangu, aliyekuja kutoka Malindi kutusalimia na hakuruhusiwa kuondoka, akasema spana ni fupi mno, inataka bomba la kuongezea urefu. Bomba pekee la chuma uani lilikuwa nguzo ya kamba ya nguo. Waliing'oa bila kuuliza. Yunifomu nne za shule na kanzu ya Ijumaa ya baba mkwe zikalala mchangani, wanaume wawili wakaning'inia kwenye bomba, na kichwa cha bolti kikakatika kwa mlio ambao jirani aliudhania risasi.

Ikafuata gesi. Mtungi wa jikoni ulitoka, pilau ikakatizwa katikati, na raba iliyochomwa ndani ya linki ikatoa moshi mweusi ulioingia kwenye mapazia yangu na haujatoka mpaka leo. Mwishowe ilikuwa grainda: wakaikata bolti pande zote mbili, wakatoa linki, na kipande kilichobaki ndani wakakipeleka kwa fundi wa Changamwe mwenye presi. Alikisukuma nje huku anakunywa chai. Yeye huyo ndiye aliyefunga springi kwenye shoki mpya, kwa amri yangu. Springi iliyobanwa ikiponyoka inaua mtu, na uani kwangu kuna watoto.

Kurudisha vifaa kuliwaendea vizuri hadi shemeji alipotaka kukaza kila nati gari likiwa bado juu ya stendi, amalize awahi magharibi. Bwana wangu alimshika mkono, na hapo nilimpenda upya. Raba ya bushi imegandamana na bomba lake. Ukiikaza magurudumu yakining'inia, siku gari likishuka raba inabaki imesokotwa, na baada ya muda mfupi inachanika. Ni lazima gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze.

"Na likikaa chini, utaingiaje?" shemeji akauliza.

Kwa chaga za kitanda cha wageni. Walizipanga, wakazipigilia misumari zikawa ngazi nne pana, wakalipandisha gari juu yake. Mgeni wa kitanda hicho alikuwa shemeji mwenyewe, kwa hiyo usiku ule alilala mkekani na hakulalamika.

Kupima mwelekeo wa magurudumu walitumia mshipi wa kuvulia wa baba mkwe, umevutwa kila upande wa gari sambamba na bodi, kutoka ndoo ya mchanga hadi ndoo ya mchanga. Binti yetu alichuchumaa na rula ya shule akisoma milimita, mbele ya rimu kisha nyuma ya rimu. "Baba, hili la kulia lina makengeza," akasema. Walizungusha, akapima tena, likaacha makengeza. Tulipokwenda kwenye mashine ya alaimenti, ilitukosoa kidogo tu.

Kwenye autokrosi nilikaa nyuma ya kamba na mwavuli. Gari lilifika kwenye kona ya mwisho, taa za breki zikawaka, na likasimama sawa, pua mbele, bila yeye kuhangaika na usukani. Muda wake ulikuwa wa katikati ya jedwali. Alirudi akicheka peke yake.

Njiani kurudi alinyamaza, akabadilisha gia, akasikiliza, akabadilisha tena.

"Unausikia mtetemo huo? Maunti za injini hizo. Na ya giaboksi. Difu nayo sina uhakika nayo."

"Tulisema gari limekwisha."

"Maunti ni raba, mama watoto. Nani aliyesema raba kwanza?"

Nikamuuliza ni shilingi ngapi. Bei alikuwa nayo tayari, imeandikwa nyuma ya bahasha ya karo.