Mabingwa wa Uzani

Nawahurumia matajiri wenye boti za starehe. Wakitundika kidau nyuma, pua ya boti inainuka. Basi ataitwa mhandisi, atahamisha maji na mafuta kutoka tangi hili kwenda lile. Gharama zote hizo, na mabingwa wa uzani wapo Handeni!

Kijana wetu wa bodaboda anatoka Chanika, hapo Handeni, kwenda Korogwe, kilomita 65 za lami, na magunia mawili ya mkaa nyuma. Gurudumu la mbele likitaka kuruka, anampakata abiria juu ya tangi la petroli, na mtoto wa abiria mbele zaidi. Usawa umepatikana. Mbuzi hufungwa ubavu usio na dumu. Kofia ngumu nayo ipo, imetundikwa kwenye usukani, kwani kila kilo ina kazi yake.

Malori yanasumbuliwa na mizani. Huyu wetu hapimwi, kipaji chake kinajulikana. Sheria inataka abiria mmoja, naye anaiheshimu: akimwona trafiki, mshikaki wa ziada hushuka, hutembea kidogo, hupanda tena baada ya kona.

Wasafiri msihofu. Hospitali ya Magunga iko Korogwe hapohapo.