Amri Haijatenguliwa

Kwa ninavyoelewa mimi, taifa linanipa mapumziko ya tarehe 9 Desemba ili nilale. Asubuhi naamka kwa kuchelewa, nawasha televisheni, napigiwa mizinga 21 nikiwa chini ya shuka, naangalia gwaride na makomandoo wanaopasua matofali kwa vichwa. Mchana pilau, jioni bao. Huo ndio Uhuru ninaoufahamu. Mwenye nyumba wetu anao wa kwake.

Ni mstaafu wa jeshi, mpiganaji wa Vita vya Kagera, na tunamwita Afande. Wapangaji wengine hapa Dar wanamwogopa mwenye nyumba kwa sababu ya kodi. Sisi tunaogopa filimbi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri inalia uani, na anayechelewa kutoka anagongewa dirisha kwa mpini wa koleo. Kazi ni moja: mtaro.

Chanzo cha balaa hili ni mwaka 2015. Rais Magufuli, ndiyo kwanza ameapishwa, alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza watu wafanye usafi nchi nzima. Watu wakafagia, wakapiga picha na mafagio yao, wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata gwaride likarudi uwanjani. Nikamfuata Afande, nikampa shikamoo yake, nikamweleza kwa adabu kwamba ile ilikuwa ya mwaka ule tu. Akaniangalia kuanzia kandambili hadi utosini.

"Kijana, amri ilitolewa hadharani. Umesikia ikitenguliwa?"

Sikusikia.

"Basi shika fagio."

Kubishana na mtu wa Kagera ni kujichosha, maana kila kisingizio chako anacho jibu lililotoka vitani. Ukisema mgongo unauma, anakuuliza kama unajua mwendo wa kutoka Mutukula mpaka Kampala kwa miguu, bunduki begani. Ukisema mtaro umejaa maji, anakukumbusha kwamba majeshi ya Amin yalilipua daraja la Kyaka mwaka 1978, na Mto Kagera ukavukwa vilevile. Ukisema njaa, anakwambia vita vilipokwisha Mwalimu aliomba taifa lifunge mkanda kwa miezi 18, na yeye mpaka leo hajasikia amri ya kuulegeza. Mpangaji mwenzangu mmoja aliomba amalizie chai kwanza. Akaambiwa kwamba Luteni Alexander Nyirenda alipanda Kilimanjaro na mwenge mwaka 1961, kwenye baridi ile, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alisubiri chai. Jamaa akashuka mtaroni na andazi mkononi.

Nikajaribu njia ya heshima. Nikamwambia, "Baba, ninyi ndio mliotulindia nchi hii. Leo pumzika, sisi tukuenzi." Sauti yake ikalainika kabisa.

"Ahsante, mwanangu. Nienzi kuanzia pale kwenye kona, penye yale mapampasi."

Nafuu tunayopata ni moja. Redio ya jirani ikipiga wimbo wa taifa, Afande anasimama wima katikati ya tope, mabuti yamezama, mikono imenyooka mapajani, hapepesi jicho. Nasi tunashusha ndoo, tunasimama. Kwa bahati mbaya wimbo wenyewe una beti mbili tu.

Isije ikasemwa kwamba sithamini mashujaa. Nawaenzi kama wanavyoenziwa na wengi: kwa mbali. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi wanaweka mkuki na ngao kwenye mnara, sime, shoka, upinde na mshale, tarumbeta inalia, imekwisha. Na kwa kuwa si siku ya mapumziko, wengine tunaipata kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Hakuna anayechafuka. Au tazama ile Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora. Imesimama tangu 1927, kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, bunduki imeelekezwa bandarini, na haijamwamsha mtu hata siku moja. Shujaa wa shaba unampita, unamheshimu, unaendelea na safari yako. Shujaa mwenye pumzi anataka kujua nani kamwaga ukoko mtaroni.

Ndiyo maana wapangaji tumekaa kikao cha siri. Tumekubaliana tuchange tumjengee Afande sanamu yake hapohapo uani, ya saruji, maana shaba hatuiwezi. Huenda akijiona amekwisha kuenziwa rasmi, naye atalala mpaka saa tatu kama raia. Michango imeahidiwa, hata na wale wenye malimbikizo ya kodi. Tumekwama kwenye kumpa taarifa tu: akisikia kuna msingi wa kuchimba, filimbi italia usiku huohuo.