Kwa Heshima ya Haro Niliyoitoa Kitale

Watu husifu trekta, husifu mbegu, husifu mvua ikija kwa wakati. Haro haisifiwi na mtu. Nimeona niiondoe dhuluma hiyo, kwa kuwa yangu imelala nyuma ya jiko tangu Februari 2021 na haijawahi kunijibu vibaya.

Niliinunua Kitale. Mtu wa Bungoma akitaka chuma kikubwa huenda Kitale. Reli ilifika mji ule mwaka 1926, walowezi wakajitandaza Trans Nzoia kwenye mashamba ambayo mwenyewe hakuweza kuuona mwisho wake akiwa amekaa barazani. Walowezi wakaondoka, vyuma vikabaki. Mpaka leo kule kuna mashamba, yakiwemo ya shirika la serikali la ADC lililoundwa 1965, ambako trekta huingia asubuhi na lisigeuke hadi dereva asikie njaa. Haro yangu ilizaliwa kwa ajili ya nchi hiyo. Ina diski 20, upana wa zaidi ya mita mbili, magurudumu yake yenyewe, na shingo ndefu ya kuvutwa.

Mimi nina viwanja vitatu. Kimoja ni 50 kwa 100 hapa Kanduyi, mahindi na maharagwe. Kingine ni robo ekari upande wa Chwele, viazi vitamu. Cha tatu ni ukanda wa mrenda na saga ambao mama watoto hauiti kiwanja, anauita "pale". Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika kaunti ya Bungoma, na karibu kila mmoja wetu ana baba au babu aliyewagawia wana wote ardhi ileile. Haro haijui sensa. Humtendea kila mtu kana kwamba ana ekari mia tano, na mimi sijawahi kutendewa hivyo hata benki.

Muuzaji alikuwa muungwana. Alitaka bei ya ng'ombe wawili wa gredi. Nilipomuuliza habari za beringi, aliniuliza habari za watoto. Mulamwa wangu, yaani shemeji, niliyekwenda naye kwa sababu aliwahi kuwa taniboi wa trekta, aliizunguka mara mbili, akaipiga teke diski moja, akasema, "Hii ni chuma ya kitambo, mulamwa." Kweli ilikuwa ya kitambo. Rangi ilikwisha zamani, na palipokuwa na kibao cha jina pamebaki matundu manne, kwa hiyo siwezi kuilaumu kampuni yoyote. Tuliipakia kwenye lori, tukashuka nayo kupitia Kiminini. Pale Kamukuywa kijana mmoja aliuliza kama tumetoka kwenye ajali na kama kuna waliopona.

Kwa asiyeijua: haro hukata kwa uzito wake na kwa pembe ambayo safu za diski zimetegwa. Za mbele husukuma udongo nje, za nyuma huurudisha ndani. Diski huzama kama robo ya upana wake, yaani ya inchi 24 hushuka inchi sita. Zangu ni za rika tofauti. Sita zilikuwa za inchi 24, nyingi zimelika zikawa 20, na mbili zilikuwa zimebaki ukubwa wa sahani ya ugali. Zikikaa kwenye ekseli moja, hizi ndogo hazigusi hata udongo, zinasindikiza wenzao. Matokeo yake ni shamba la mabonde na vilima. Jirani yangu alichimba bwawa la samaki kwa wiki mbili. Mimi nilipata langu kwa dakika kumi, katikati ya mahindi.

Trekta sina. Nakodi, na mwenye trekta hutoza kwa ekari, na ekari yake ndogo kuliko zote ni moja. Kwa hiyo kiwanja changu, ambacho ni kama sehemu ya nane ya ekari, hulipiwa mara nane ya ukubwa wake. Ni njia nyingine ya kupanua ardhi ambayo baba hakuifikiria.

Halafu kuna kugeuka. Futi 50 ni kama mita 15. Trekta na haro nyuma yake ni karibu mita nane. Hesabu hiyo hata dereva aliifanya, akaona ageukie kwa jirani. Haro ikamlimia mihogo iliyokuwa na miezi minane, ikarudi kwangu. Mara ya pili ilirudi na mpaka wenyewe, mkonge na kila kitu. Mpaka ule baba yangu na baba wa jirani waliugombania miaka mingi. Haro iliimaliza kesi kabla ya chai ya saa nne: leo hakuna anayebisha mpaka ulipo, tunabishana ulipokuwa. Mzee wa kijiji amekuja mara tano na amekunywa chai mara tano.

Lakini kipaji chake halisi ni nyasi ya sangari. Mwenye jembe huing'oa na kuianika juani mpaka ife. Ni ukatili. Haro huikata vipande na kuvifukia taratibu, na kila kipande chenye fundo huchipua. Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956 kwa kazi ya mbegu za nyasi za malisho, na kazi hiyo ilihitaji wataalamu. Mimi nilianza na sangari ya kona moja, sikuajiri mtu, na sasa sina kona isiyo nayo.

Kijiji pia kimefaidika. Chuma cha diski ni kigumu. Ukikichomelea hupasuka tena kando ya mshono. Fundi analijua hilo, aliniambia siku ya kwanza, na bado hunipokea kwa moyo mkunjufu kila ninapoirudisha. Alianzia chini ya mwembe. Sasa ana banda la mabati, na pembeni ameanza msingi wa matofali.

Mwaka huu, wakati tukisubiri beringi kutoka Kitale, vijana wanne wa jirani waliingia na majembe wakamaliza kiwanja cha Kanduyi kabla ya saa sita. Sikutaka kuwavunja moyo kwa kuwaonyesha inavyofanywa na mashine.

Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya walioharibu njia za umeme, nililala usingizi mzuri sana. Marufuku ilipoondolewa, nikaifunga haro kwa mnyororo na kufuli. Kuku hutagia chini yake, sare za shule hukaukia juu yake. Juzi mnunuzi wa chuma alisimamisha mkokoteni wake langoni, akaipima kwa macho. Nikamwambia haiuzwi. Akashukuru, akaenda. Mama watoto akamfuata hadi barabarani kumwelekeza njia, akarudi na namba ya simu imeandikwa kiganjani, akaniuliza Jumamosi nina matanga ya wapi, na nitarudi saa ngapi.