Heko, Mti wa Panda

Jembe lina sifa zake, jogoo ana zake, hata mchwa amesifiwa kwa bidii. Lakini hapa Sironga, Nyamira, sijamsikia mtu akiusifu mti wa panda, ule mrefu wa mkaratusi tunaotegemezea migomba. Leo nauvalia joho la wakili.

Tuanze na mgomba, maana bila udhaifu wake shujaa wetu angekuwa kuni. Shina lake ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, yamejaa maji, na mizizi yake haizami mbali. Halafu mkungu wote unaning'inia upande mmoja. Fukusi wakishatoboa tunguu, mvua moja ya Aprili yenye upepo inatosha kuulaza chini ndizi zikiwa changa. Hapo ndipo mheshimiwa anapoitwa. Panda inawekwa shingoni mwa mgomba, upande unaoinamia, juu ya jani kavu ili isikwaruze. Mguu unazamishwa kidogo udongoni, mbali na shina. Ukiiweka kwenye mkungu wenyewe, umeziharibu ndizi kwa mkono wako.

Kazi hiyo ni ya dakika chache. Utukufu hasa uko siku ambazo mti hauna kazi. Ukiulaza uani, watoto wanajikwaa na mchwa wanapata karamu. Ukiuegemeza kwenye paa, usiku kucha upepo unausugua kwenye mabati hadi mbwa wa jirani wanabweka. Ukiusukumia chini ya upenu, ncha inatokeza sawasawa na jicho la mgeni. Tena una malezi mema: ubebe begani, mtu akuite, "Baba, ngoja kidogo!" Ukigeuka unamwona vizuri anayekuita, nyuma yako sufuria ya chai imeshamwagika. Tangu hapo hugeuki ovyo.

Nasaba yake pia si haba. Mikaratusi, ambayo asili yake ni Australia, ililetwa Kenya mwaka 1902 iwe kuni za injini za reli ya Uganda. Reli ikahamia mafuta, mikaratusi ikahamia kwetu hadi mabondeni, ambako inalaumiwa kwa kukausha chemchemi. Babu mlevi, mjukuu mtumishi.

Wenye mashua ndogo za matanga nao wana ndugu yake. Upepo ukitoka nyuma, tanga kuu hulikinga la mbele, likalegea. Basi wanatia ufito mrefu, ncha moja mlingotini, ya pili kwenye pembe ya tanga, linatanuka. Mashua ikibadili uelekeo, ufito unakuwa balaa: wakiulaza sitahani wanajikwaa, wakiufunga mlingotini unagongagonga. Wenye pesa wamenunua wa alumini unaoingia ndani kwa ndani ukafupika. Nawahurumia. Ufito unaokubali kufupishwa hauwezi kumfundisha mtu adabu.

Wetu haukubali. Urefu unaotutesa uani ndio unaofika shingoni mwa mgomba, ndio unaofika kwenye avokado za juu, ndio unaoinua kamba ya nguo shuka zisiburute matopeni. Kwa sababu hiyo unaazimwa kuliko kitu chochote nyumbani, na anayeuazima hukumbuka kuurudisha kwa nadra mno.

Basi wewe jirani uliyeuchukua wetu kuangushia avokado, na sasa tunauona umeinua kamba yako ya nguo, tafadhali urudishe leo. Mkungu umeshainama, na mvua imeanza.